Sindano ya Ata na Breki za Ngamia

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna gari lililomzidi umri kifungua mimba wako, na kuna mama mkwe anayelipanda, vuta kiti tuongee. Wewe na mimi ni wa chama kimoja, na haya ninayoyasimulia huenda yakakuokolea pesa, hata kama hayataokoa amani ya nyumba.

Kwetu ni Nadapal. Usiichanganye na Nadapal ya mpakani, ile ya mbele ya Lokichoggio wanakovukia malori ya kwenda Juba. Yetu ni hii ya barabara ya Lodwar na Kakuma, penye miti ya mathenge kila upande na vumbi linaloingia ndani bila kubisha hodi. Nyumbani tuko wengi. Kuna mke wangu, Mama Ekai, ambaye mimi na shemeji humwita Gavana akiwa mbali, kwa sababu bajeti ya nyumba hii husomwa na yeye na hakuna anayeijadili. Kuna mama yake, ambaye watoto humwita Ata, yaani nyanya, na siku hizi kijiji kizima kinamwita hivyo. Kuna shemeji yangu mdogo, mwendesha bodaboda, tuliyempachika jina la Injinia tangu alipofungua redio ya Ata ili aitoe mikwaruzo, ikanyamaza jumla. Halafu watoto: Ekai mwenyewe, ambaye ni Profesa, dada yake Akiru, ambaye ni Redio, maana jambo likipita mbele yake limeshatangazwa, na kitinda mimba, Kamanda, ambaye kazi aliyojipa ni kufunga milango ya gari kwa nguvu zake zote.

Na kuna Ngamia. Ngamia ni Toyota Corolla 110 ya miaka ya 1990, diski mbele, dramu nyuma, kila gurudumu nati nne. Jina alilipata kwa Gavana siku alipotuleta kutoka Kitale katika jua lote lile bila kuomba maji. Kwa kitabu cha umiliki gari ni langu. Kwa mambo mengine yote ni la nyumba nzima, na kila mtu ana kiti chake. Gavana huendesha siku za soko, mimi nikiwa kando yake. Ata hukaa nyuma, kulia, mahali ambapo hakuna mwingine aliyepakalia tangu tulinunue. Watoto hubanana kwenye nafasi inayobaki, na Injinia hutufuata kwa pikipiki, au hupakatwa.

Hapo zamani Ngamia hakuwa na ugonjwa wa breki. Au niseme ugonjwa ulikuwepo, ila hakuna aliyeweza kuujua. Barabara hii ya A1 ilikuwa imechakaa kiasi kwamba dereva alipendelea kupita kando, mchangani, kuliko juu ya lami yenyewe. Mwendo ulikuwa kilomita 20 au 30 kwa saa, gari likirukaruka muda wote. Nani angetofautisha mtikisiko wa breki na wa shimo? Kisha ukaja ujenzi mpya, katika ule mradi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015 wa kuifufua njia kutoka Lokichar hadi mpaka wa Sudan Kusini. Lami ikalala. Sote tukaanza kwenda 80. Basi na magari yote makuukuu ya Turkana yakaanza kutoa siri zake.

Siri ya Ngamia ilitoka siku ya soko. Tulikuwa tunarudi kutoka Lodwar, mbuzi wakakatiza mbele yetu, Gavana akakanyaga breki. Usukani ukamtetemekea mikononi kama ameshika mashine ya posho. Pedeli ikadunda chini ya mguu wake. Nyuma nikasikia sauti ya Ata ikikatikakatika, kisha kikombe cha Redio kikammwagikia Kamanda, na Kamanda akalia hadi nyumbani. Mbuzi walipita salama. Mwenye mbuzi alitutazama akatikisa kichwa.

Jioni ile kikao kikakaa. Nadhani unakijua kikao cha namna hii, ambacho kila mjumbe anakuja na hukumu mkononi. Gavana alisema ni usukani. Ata akasema hapana, ni kiti, kinachotikisika ni kiti cha nyuma, na yeye ndiye aliyekikalia. Injinia alisema pedi za breki zimekwisha, na akataja bei kabla hajaulizwa. Profesa, ambaye hukubali kuosha vyombo kwa sharti la kuachiwa simu yangu, alisema amesoma kwamba pedeli ikidunda ni ABS inafanya kazi. Hapo mtoto hakukosea, ila Ngamia hana ABS. Jirani yetu ana gari jipya kidogo, na kila akikanyaga breki kwa nguvu kwenye changarawe pedeli humpiga mguuni akapatwa na hofu. Ile ni ABS, inaachia na kukamata breki haraka haraka ili gurudumu lisikwame, na hakuna cha kutengeneza. Redio ndiye aliyesema kitu ambacho hakuna aliyekisikiliza. Alisema mtikisiko unapiga makofi, na gari likipunguza mwendo makofi nayo yanapungua. Akatupigia, akianza upesi na kumalizia polepole. Mama yake akamwambia akalale.

Yule mtoto alikuwa amemaliza nusu ya kazi. Tairi la Ngamia likizunguka mara moja, gari limesogea mita 1.8 hivi. Kwa mwendo wa 80 hiyo ni mizunguko 12 kila sekunde. Mtikisiko unaopungua sambamba na mwendo wa gari unatoka kwenye kitu kinachozunguka na gurudumu: tairi, rimu, diski, dramu au habu.

Ata hakuridhika na kikao. Alitaka shauri lipelekwe kwa mzee mmoja wa ukoo wake, katika wale wazee Waturkana wanaowaita ng'imurok, wanaotupa viatu vyao vya ngozi chini na kusoma jinsi vilivyoanguka. Watu huwaendea kwa mambo mazito, mvua, mifugo, safari, na mimi nawaheshimu. Tukaenda, kwa sababu Ata akisema twende huwa tunakwenda. Mzee akasikiliza habari yote, viatu akaviacha miguuni, kisha akauliza: linatetemeka likikimbia, au likisimamishwa? Akasema chuma kina wenyewe, turudi tukakiulize hilo.

Nimeona mafundi wenye karakana wasioliuliza swali lile. Gari likitetemeka kwenye mwendo hata bila kugusa breki, breki haina hatia. Tazama tairi lenye nundu, rimu iliyopigwa na mashimo, tope lililokauka ndani ya rimu, au magurudumu yasiyopimwa mizani. Likitulia safari nzima, likaanza kutetemeka mguu ukigusa pedeli tu, hapo ndipo unakwenda kwenye breki. Ngamia alikuwa wa pili. Akiachiwa aende, chai ilikaa kikombeni.

Lakini tulipofika nyumbani tulikuta Injinia ameshatenda. Alikuwa amepata pesa za pedi kutoka kwa Ata, kwa mkopo ambao masharti yake sikuwahi kuelezwa, na pedi mpya zilikuwa zimeshaingia, chini ya mgunga wetu, Kamanda akimshikia spana. Tukalijaribu gari. Likatetemeka vilevile, na juu yake likaongeza mlio. Gavana alishuka, akafunga mlango taratibu, akaingia jikoni. Nyumba ambayo Gavana anafunga mlango taratibu ni nyumba yenye msiba.

Kesho yake asubuhi tuliamshwa na ukelele wa Ata. Alikuwa amemfumania Injinia na kibuyu chake cha mafuta ya mbuzi, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, akienda kuyapaka kwenye pini za kalipa ili kuondoa ule mlio. Ata alikuwa na hasira ya mafuta yake. Mimi nilikuwa na hofu nyingine, na hili naomba ulishike hata kama mengine utayasahau. Kalipa huteleza juu ya pini zake ili pedi za pande zote mbili zibane sawasawa. Kwa vumbi la huku pini hukauka, kalipa hukwama, pedi moja huburuza siku nzima na kupasha diski moto. Ni kweli zinahitaji kilainisho. Lakini zinataka grisi ya silikoni inayostahimili moto. Mafuta ya wanyama, mafuta ya kupikia, hata grisi ya kawaida ya beringi, hulainisha mpira wa pini hadi ukavimba na kushika. Na tone likiangukia pedi, breki hiyo imekufa upande mmoja, na gari litakuvutia pembeni siku unayolihitaji liende moja kwa moja. Watoto wangu watatu hukaa ndani ya gari lile. Kibuyu kilirudi kwa mwenyewe, kimepungua, na deni la Injinia likaongezeka.

Baada ya hapo Gavana alichukua uongozi. Alisema hakuna shilingi itakayotoka mpaka kila mtu aseme anachokisikia, akiwa kwenye kiti chake, gari likitembea. Nilimpenda mno mke wangu siku ile. Kwa sababu gari kuukuu halina mashine ya kulipima kuzidi watu wanaolipanda kila siku, na sisi tulikuwa tumekaa tukibishana nani ana haki ilhali kila mmoja alikuwa anapima sehemu yake. Aliyeshika usukani anapima magurudumu ya mbele, maana yameungana na mikono yake. Aliyekaa nyuma anapima ya nyuma, kupitia sakafu na kiti. Gavana na Ata hawakuwa wakipingana hata kidogo.

Tukatafuta kipande kirefu cha barabara kilichonyooka, asubuhi mapema kabla ya malori. Kwanza Gavana akapiga breki ya mguu polepole kutoka 80. Usukani ukatetemeka. Akarudia, safari hii mguu mbali na pedeli, mwendo wa 40, akaivuta handbreki kidogo kidogo huku kidole kikibana kile kitufe cha juu ili aweze kuiachia papo hapo. Handbreki ya Ngamia hukamata dramu za nyuma peke yake, kwa hiyo mbele hapana la kusema. Usukani ukatulia tuli. Nyuma Ata akapaza sauti: "Hapa! Hapa! Si niliwaambia?" Redio akashangilia. Profesa akaandika kwenye daftari. Kwa hiyo Ngamia alikuwa na maradhi mawili, na kila mwanamke wa nyumba hii alikuwa amelitambua lake tangu siku ya mbuzi.

Tukaanza na mbele. Jeki, mawe nyuma ya magurudumu, na chini ya gari tukaweka gogo, kwa sababu jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye familia. Ili kujua kama diski inayumba, karakana kubwa hutumia saa yenye mshale ambayo ncha yake huegemea uso wa diski. Kipimo kinachokubalika kwa magari mengi madogo ni milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Sisi saa hiyo hatuna. Ila kanuni yake ni nyepesi: weka ncha isiyosogea karibu na diski, zungusha diski, tazama pengo. Injinia alileta waya, ukawa mnene. Profesa akaleta kalamu. Ata alikuwa kivulini anatunga shanga, akauliza hawa wanatafuta nini. Nikamweleza. Akachomoa sindano kutoka kwenye kazi yake, akaikata uzi kwa meno, akaja nayo.

Tuliifunga sindano kwa waya kwenye nguzo ya shokamzoba, ncha ikitazama diski karibu na ukingo. Diski tulikuwa tumeibana kwa nati zote nne na washa chini yake, maana diski iliyolegea hucheza na kukudanganya. Ata akapiga magoti mchangani, akasogeza ncha kwa ukucha wake hadi ikakaribia kugusa. Injinia akazungusha kwa mkono, polepole. Hatukusikia kitu. Halafu kukatoka mkwaruzo mwembamba sana, krrr, ukakoma. Zungusha tena. Kimya, kisha krrr, ukakoma. "Inakuja," Ata akasema bila kuinua kichwa. "Inagusa. Imeondoka. Inakuja tena, palepale." Mtu aliyetunga shanga maisha yake yote huliona pengo ambalo sisi wengine tungeapa halipo. Redio akampa chaki, Ata akaweka alama mahali sindano inapogusa. Tulizungusha mpaka mkono wa Injinia ukachoka, na alama ikabaki ileile.

Mafundi wengi wakiona hivi husema diski imepinda kwa moto, nunua nyingine. Ipo inayopinda, na chuma cha moto kikizamishwa ghafla kwenye maji ya lagga, yaani mto wa msimu, kinaweza kupinda au hata kupasuka. Kwa hiyo ukitoka kwenye mwendo mkali, ngoja kidogo kabla ya kuvuka. Lakini nyingi hazikupinda mahali popote. Zimekaa vibaya. Tulipoitoa diski ya Ngamia, kwenye habu tulikuta kutu na mchanga vimeshikana na kuwa ganda gumu upande mmoja. Chembe tu ya ganda hilo katikati inatosha kuifanya diski iyumbe ukingoni. Sehemu iliyojitokeza hulamba pedi kila mzunguko, hata mguu ukiwa haujagusa breki, na kilomita baada ya kilomita hupungua unene. Sasa una diski nene hapa na nyembamba pale. Ukikanyaga, pale penye unene pistoni ya kalipa inasukumwa nyuma, pale pembamba inaachiwa, na mafuta ya breki yanabeba kile kidundo hadi kwenye unyayo wako. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha mtu kuihisi. Ndiyo maana pedi mpya za Injinia hazikufua dafu: zilikuwa zinapanda na kushuka mlima uleule.

Nyumba nyingine ya ugonjwa huu ni nati. Hapa namsema kila anayeziba pancha kando ya njia hii, bila kumtaja mtu. Nati ya Toyota ndogo inatakiwa kukazwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 103. Ukiwa na spana ya sentimita 40, hiyo ni kubonyeza kwa uzito wa kilo 26 hivi mwishoni mwake. Sasa kijana wa kilo 70 anachomeka paipu ya mita nzima na kuirukia. Amekaza karibu mara saba ya inavyotakiwa, tena nati ya kwanza hadi mwisho kabla hajaigusa ya pili, na diski inavutwa upande. Gari linaondoka limebana vizuri na linarudi linatetemeka, na hakuna anayekumbuka pancha.

Tukasugua habu kwa brashi ya waya na msasa hadi Kamanda akaona sura yake. Tukarudisha diski, Ata akapima, krrr ikawa fupi. Tukaitoa, tukaigeuza tundu moja mbele, tukaibana tena. Hiyo ni hila ya bure kabisa: makosa ya diski na makosa ya habu wakati mwingine hujumlishana, na wakati mwingine hufutana. Kwenye tundu la tatu sindano haikusema kitu mzunguko mzima. Ata akanyoosha mgongo, akaomba chai.

Diski zenyewe zilikuwa bado nene. Unene wa chini unaoruhusiwa huwa umepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe, na ukifikiwa hakuna mjadala, diski inatupwa. Zetu zilikuwa na akiba. Gavana akatoa pesa za mchonga vyuma, zote mbili zikachongwa ili kushoto na kulia zilingane, na hapo pedi za Injinia zikapata pa kukalia.

Nyuma kulituletea vita. Dramu hukusanya unga wa breki na vumbi letu jekundu, na unga huo haupulizwi kwa mdomo wala kwa pampu, kwa sababu bitana za breki za zamani nyingi zilikuwa na asbestosi na mapafu hayasamehe. Unauloanisha kwa maji na sabuni, unaufuta. Hayo nilimweleza Injinia, akaelewa vizuri, akaenda jikoni akarudi na sufuria ya ugali. Sitasimulia yaliyofuata. Sufuria ile sasa inaishi gereji, Injinia alinunua mpya, na kwa wiki kadhaa alikula kwa sahani ya Kamanda.

Ndani ya dramu ya kulia kulikuwa na sehemu zinazong'aa na sehemu zenye giza, zikipokezana, dalili kwamba imeacha kuwa duara kamili. Chanzo tulikipata bila sindano. Nyumba yetu ina desturi: dereva akifika huvuta handbreki, kisha anayeshuka nyuma yake huongeza jino moja kwa kutomwamini, na Injinia, akija kutafuta chaja yake, humalizia kwa mikono miwili. Ukiivuta hivyo dramu zikiwa za moto, chuma kinapoa kikiwa kimekumbatiwa kwa nguvu sehemu mbili, na kinaweza kubaki na umbo hilo. Nazo zikachongwa, baada ya kuhakikisha upana haupiti ule ulioandikwa ndani yake. Gavana alitoa agizo kuhusu handbreki. Ata anaamini halimhusu.

Mafuta ya breki tuliyabadilisha yote, na hapa sikungoja kikao. Mwisho wa mwaka tunakwenda Kitale kwa mama yangu, na katika kurudi tunashuka Kamatira, ukitoka Makutano kwenda Chepareria. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu wa kutosha wa hewani huweza kuchemka kwenye 140, na mafuta yanayochemka hutoa mapovu, na mapovu hayasukumi pistoni. Mteremko ule unashukwa kwa gia. Na mkifika chini kununua maembe, msisimame mguu umebana pedeli diski zikiwa za moto, kwani pedi huacha alama yake pale ilipokumbatia, na mtikisiko unaanza upya. Achia, weka jiwe.

Juzi tulikwenda Kakuma, kwenye shughuli ya ukoo wa Ata, na safari hii alikaa mbele. Alisema sindano ni yake. Gavana alikaa nyuma na watoto bila kusema neno, na huko nyuma, msomaji wangu, ndiko alikokumbukia kila jambo nililowahi kuahidi kulifanya katika nyumba ile. Ngamia alisimama mbele ya ngamia wa kweli kutoka 80, usukani umetulia, kikombe cha Redio kimejaa. Kabla ya Kakuma mwiba wa mathenge ukatutoboa tairi. Kijana wa pancha aliziba vizuri, akarudisha gurudumu, kisha akanyoosha mkono kuchukua paipu.

"Weka chini hiyo," Ata akamwambia kupitia dirishani.

Kijana akadhani hakusikia vizuri. Ata akashuka, akasimama juu yake na fimbo, akamwonyesha kwa ncha ya fimbo: hii, kisha ile ya mkabala, kidogo kidogo, sasa ile, sasa ya mwisho, rudia. Gari likashushwa chini, akamtaka azizungukie tena, kwa spana tupu na mkono mmoja. Watu wakakusanyika. Injinia akasimamisha pikipiki na kuanza kuwaeleza habari ya nyutoni-mita, kwa kirefu, na Gavana akatoa kichwa nje kuuliza kama leo tutafika. Tulifika saa nane. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa na kuliwa, zimebaki mbavu mbili na mchuzi, na Ata akasema mbavu hizo ni za aliyekuwa kiti cha mbele.